Majina Yaliyoachwa Nje ya Penseli

Penseli za fedha za Mordan zilizotengenezwa London kati ya mwaka 1823 na 1836 huwa na alama ndogo ya herufi nne: SM na GR. Ukiiona alama hiyo, hata kama fedha imeingia weusi, umeshika moja ya penseli za kwanza kuuzwa kwa wingi ambazo hazihitaji kuchongwa. SM ni Sampson Mordan. GR ni Gabriel Riddle. Lakini hataza iliyozaa penseli hizo, ya tarehe 20 Desemba 1822, haina jina la Riddle. Ina jina la Mordan, na ina jina la mtu mwingine, John Isaac Hawkins. Kwenye alama ya herufi nne, za Hawkins hazimo.

Wakusanyaji wengi huingia kwenye penseli hizi kwa ajili ya uzuri wake, na hawakosei, kwa kuwa ni nzuri kweli. Mimi kinachonishika ni hilo jina lililokosekana. Yaliyompata Hawkins yalikuja kumpata mtu mwingine huko Chicago, kisha mwingine huko Tokyo, na kila mara penseli yenyewe ndiyo iliyobaki na ushahidi. Anayejifunza kutofautisha toleo moja na jingine, hili lenye pete mbili na lile lenye pete moja, hili lenye jina la kiwanda na lile lisilo nalo, anajifunza pia nani alimiliki nini, lini, na lini kilimtoka.

Penseli ilianza England kaskazini, kwenye bonde la Borrowdale, ambako katika karne ya 16 lilipatikana jiwe jeusi laini linaloacha alama kwenye kila linachogusa. Simulizi za huko husema wachungaji walilitumia kutia alama kondoo wao. Mwaka 1565 msomi wa Zürich, Conrad Gessner, alichapa kitabu kuhusu mawe na madini chenye mchoro wa kifaa cha kuandikia kilichoshika kipande cha jiwe la namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka 200 watu waliamini kuwa ni aina ya risasi, hadi Carl Wilhelm Scheele alipoonyesha mwaka 1779 kuwa ni kaboni. Sisi bado tunaiita kalamu ya risasi, nami nitaendelea kusema risasi hapa, ingawa ni grafaiti.

Jiwe la Borrowdale lilikuwa ghali. Lilitakiwa pia kwenye kalibu za kusubia tufe za chuma za mizinga, na wizi wake ulikithiri kiasi kwamba mwaka 1752 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaadhibu walioliiba mgodini. Kwa hiyo kila aliyechonga penseli yake kwa kisu alikuwa akitupa chini sehemu ya mali. Vishikizo vya chuma vya kubana kipande cha risasi vilikuwepo mapema. Katika mabaki ya meli ya kivita Pandora, iliyozama mwaka 1791 kwenye miamba ya matumbawe ya Australia ikitoka kuwasaka waasi wa meli Bounty, wapiga mbizi walipata penseli ya aina hiyo. Vishikizo hivyo vilibana tu. Ncha ikiisha, ulifungua, ukavuta risasi kwa vidole, ukabana tena, na vidole vikabaki vyeusi.

Hawkins alikuwa mtu wa kubuni kuliko wa kuuza. Alizaliwa Taunton mwaka 1772, akaenda Marekani akiwa kijana, na mwaka 1800, akiwa Philadelphia, alipata hataza ya piano ndogo ya kusimama wima. Huko huko alibuni mashine yenye kalamu mbili zilizounganishwa kwa fito, ili unapoandika barua kwa kalamu moja, ya pili iandike nakala yake. Thomas Jefferson aliitumia mashine hiyo kwa miaka mingi, na nakala za barua zake ambazo wanahistoria wanazisoma leo zimetokana nayo. Hawkins alirudi England mwaka 1803 na haki za mashine hiyo akamwachia rafiki yake Charles Willson Peale. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake: kubuni, kuwaachia wengine, kisha kubuni tena. Miaka ya 1830 alifanikiwa kutia ncha ngumu ya madini jamii ya iridiamu kwenye kalamu ya dhahabu, na kalamu nzuri za wino zimefuata njia hiyo hadi leo.

Mordan alikuwa wa namna nyingine kabisa. Alijifunza kazi kwa Joseph Bramah, fundi mashuhuri wa kufuli na mashine. Kwenye karakana ya Bramah chuma kilikatwa kwa kipimo, si kwa kukadiria, na penseli waliyoipatia hataza yeye na Hawkins isingewezekana bila kipimo hicho. Ndani ya mwili wa fedha mna skrubu ndefu nyembamba. Ukizungusha ncha ya penseli, skrubu inasukuma ufito mdogo, na ufito unasukuma risasi mbele kwa unene wa unywele. Risasi lazima iwe ya mviringo na yenye unene ule ule mwanzo hadi mwisho, vinginevyo itakwama au itadondoka. Kwenye kitako mna kifuniko, mara nyingi kimepambwa kwa kito cha kugongea muhuri wa nta kwenye barua, na chini yake kijihazina cha risasi za akiba.

Baada ya hataza kutoka, Hawkins aliuza sehemu yake kwa Mordan. Mordan naye, akihitaji mtaji, aliuza nusu ya haki kwa Riddle, mfanyabiashara wa vifaa vya kuandikia. Hivyo ndivyo herufi nne zilivyopatikana, na ndivyo penseli ilivyoanza kutoka kwa maelfu bila jina la mmoja wa waliopewa hataza yake.

Sasa ichukue penseli hiyo uitazame kwa kioo cha kukuzia. Usianze na umbo, kwa sababu umbo liliigwa na kila mtu. Tafuta mihuri. Fedha ya London ilipitia kwa wakaguzi, nao waligonga alama kadhaa kwa mstari: simba anayetembea, kuthibitisha kuwa fedha ni halali, kichwa cha chui, alama ya mji wa London, herufi moja ya alfabeti inayobadilika kila mwaka, na kichwa cha mfalme, kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Juu ya mwili mviringo na mwembamba mihuri hiyo hukaa upande upande na mara nyingi hufutika nusu, kwa kuwa hapo ndipo vidole hushika. Hata hivyo kichwa kimoja tu kinatosha kukuanzishia kazi. George IV na William IV wametazama kulia. Malkia Victoria, aliyeanza kutawala mwaka 1837, ametazama kushoto. Baada ya mwaka 1890 kichwa hakipo tena, kwa sababu ushuru huo ulifutwa. Kwa hiyo penseli yenye maandishi ya Mordan na kichwa kilichotazama kushoto haiwezi kuwa ya enzi ya Riddle, hata muuzaji akikuapia.

Mwisho wa ubia wenyewe una sababu iliyo wazi. Hataza ya Uingereza wakati huo ilidumu miaka 14. Ya Desemba 1822 iliisha Desemba 1836, na ubia wa Mordan na Riddle ukavunjika kipindi hicho hicho. Riddle aliendelea kuuza penseli kwa jina lake, na hizo ni chache kuzipata kuliko za Mordan. Hapo ndipo mpenda vitu adimu anapopaswa kuwa makini. Penseli ya miaka hiyo ya mpito, yenye alama ya mmoja wao peke yake, ina thamani ya kihistoria kuliko nyingi zilizopambwa kwa vito, kwa kuwa inaonyesha kipindi kile ambapo watu wawili walikuwa wanagawana zana, wateja na sifa.

Mordan alifariki mwaka 1843, wanawe wakaendeleza kampuni, na jina S. Mordan & Co. likazidi kukua. Hiki ndicho kipindi ambacho wakusanyaji wa mitindo ya ajabu hukipenda. Penseli zilitengenezwa kwa umbo la bundi, la nguruwe, la bastola ndogo, la raketi ya tenisi. Wazungu walipopagawa na habari za makaburi ya Misri, zikatoka penseli zenye umbo la jeneza la maiti, rangi zimepigwa kwa enameli, na risasi inachomoza ukilivuta jeneza. Nyingi za namna hiyo zina alama ya usajili wa mchoro: kuanzia 1842 hadi 1883 alama hiyo ilikuwa ya umbo la almasi, yenye herufi na tarakimu kwenye pembe zake, na kuanzia 1884 ikawa nambari tu. Ukipata almasi unajua siku mchoro uliposajiliwa, ila penseli yenyewe huenda ilitengenezwa miaka kadhaa baadaye, na watu wengi huchanganya mambo hayo mawili. Kiwanda cha Mordan cha City Road kilibomolewa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941. Kampuni haikuinuka tena, ikafungwa mwaka 1952.

Kuna mmoja katika historia hii aliyefanikiwa kuiwekea penseli jina lake na likadumu. Slavoljub Penkala, mhandisi aliyefanya kazi Zagreb wakati mji huo ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, alipata hataza ya penseli yake mwaka 1906. Alishirikiana na mfanyabiashara Edmund Moster, na nembo waliyoichagua ilikuwa kichwa cha mtu mwenye sikio kubwa, penseli imechomekwa nyuma ya sikio. Penkala hakuishia hapo, mwaka 1910 aliunda ndege. Alifariki mwaka 1922 akiwa na umri wa miaka 50 tu, lakini ukiokota penseli ya Zagreb ya zama hizo, jina lake ndilo la kwanza kukutazama.

Charles Keeran hakupata bahati hiyo. Huyu alikuwa Mmarekani wa Bloomington, Illinois, na penseli aliyoibuni mwaka 1913 aliipa jina la Eversharp. Ubora wake ulikuwa kwenye ncha. Ndani ya tundu la ncha Keeran alichimba mifereji iliyojipinda kama ile ya ndani ya mtutu wa bunduki, ili ishike risasi isizunguke wakati unaandika. Aliyewahi kutumia penseli ya zamani ambayo risasi inacheza mdomoni ataelewa mara moja kwa nini watu waliichangamkia.

Keeran hakuwa na kiwanda. Penseli zake za mwanzo zilitengenezwa na George W. Heath wa Newark, New Jersey, mtengenezaji wa vitu vya fedha. Uhitaji ulipozidi, mwaka 1915 aliipa kazi kampuni ya Chicago iliyoitwa Wahl Adding Machine Company. Jina linajieleza: walikuwa wakitengeneza mashine za kujumlisha hesabu, zilizofungwa kwenye taipureta. Watu wa mashine za hesabu walikuwa na vyuma vya kukatia visehemu vidogo kwa usahihi mkubwa, na penseli ya Keeran ilikuwa imejaa visehemu vya namna hiyo. Kwa upande wa ufundi uamuzi wake ulikuwa sahihi. Kwa upande wa fedha ulimmaliza. Oda ziliongezeka kuliko mtaji wake, Wahl wakachukua hisa, kisha wakachukua udhibiti, na mwaka 1917 Keeran alikuwa nje ya kampuni iliyojengwa juu ya penseli yake. Wahl waliona biashara ya penseli inashinda ile ya hesabu, wakayaondoa maneno ya mashine ya kujumlisha kwenye jina la kampuni. Miaka ya 1920 Eversharp ilikuwa mfukoni mwa karani, mwalimu na mhandisi kote Marekani, na iliuzwa kwa mamilioni.

Kwa sababu ya mamilioni hayo, Eversharp ya kawaida ni rahisi kuipata hadi leo, na ni penseli nzuri ya kuanzia. Ya kutafutwa ni ile ya kabla ya Wahl. Tazama maandishi yaliyochorwa kwenye mwili. Kama jina la Wahl lipo, imetoka Chicago. Kama jina Eversharp lipo peke yake, na karibu yake kuna alama ya fedha ya Heath, basi umepata kitu ambacho kilitoka wakati penseli ilikuwa bado ya Keeran mwenyewe. Kwa mtu asiyejua, tofauti kati ya hizo mbili ni mkwaruzo tu, na ndiyo maana zile za Keeran zinaendelea kutokea kwenye masanduku ya vitu chakavu, zikiuzwa kwa bei ya zile za Wahl.

Keeran alihamia kampuni nyingine ya Chicago, Autopoint, iliyotengeneza penseli za bakelaiti kwa ajili ya ofisi. Hizo ni penseli za watu wa kazi, nyeusi nyingi, na makampuni yalizigawa kama zawadi zikiwa na matangazo yao. Wakusanyaji wa fedha na dhahabu huzipuuza. Nadhani wanakosea sana. Tangazo lililochapwa kwenye mwili wake, lenye jina la duka na nambari ya simu ya tarakimu chache, humpa mtu tarehe na mji kwa uhakika ambao penseli ya dhahabu isiyo na muhuri haiwezi kuutoa.

Mwaka ule ule wa 1915, Keeran alipowapa Wahl kazi, upande wa pili wa dunia Hayakawa Tokuji alikuwa na umri wa miaka 21 na karakana ndogo Tokyo. Utotoni alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi wa mapambo ya chuma. Mwaka 1912 alikuwa amebuni bizimu ya mkanda isiyohitaji tundu, na kwa mapato yake akafungua karakana. Aliletewa kazi ya kutengeneza kisehemu cha ndani cha penseli za kusukuma, ambazo miili yake ilikuwa ya seluloidi na iliharibika upesi. Akaona akitengeneza kisehemu kizuri ndani ya mwili mbovu amefanya kazi bure, akaamua kuiunda upya penseli nzima, kwa nikeli.

Wenye maduka ya Japani waliikataa. Walisema chuma ni baridi mkononi wakati wa kipupwe na hakipendezi ukiwa umevaa kimono. Kilichomwokoa ni vita vya Ulaya. Bidhaa za Ujerumani zilikuwa zimepotea sokoni, na nyumba moja ya biashara ya Yokohama ikaanza kuagiza penseli za Hayakawa kwa ajili ya Ulaya na Marekani. Wenye maduka wa nyumbani walipoona Wazungu wanazinunua, nao wakazitaka. Aliipa penseli jina la Kiingereza, Ever-Ready Sharp Pencil, baadaye likafupishwa, na neno la Kijapani la penseli ya aina hii limebaki kuwa hilo hilo hadi leo. Kufikia mwaka 1923 alikuwa na wafanyakazi karibu 200.

Tarehe 1 Septemba 1923, karibu na adhuhuri, tetemeko kubwa la Kanto lilipiga Tokyo na Yokohama. Moto uliofuata uliteketeza kiwanda. Hayakawa alipoteza mke na watoto wake wawili. Alikuwa pia na deni kwa kampuni ya vifaa vya kuandikia ya Osaka iliyouza penseli zake, nayo ilidai ilipwe. Hakuwa na kitu cha kulipa isipokuwa hataza. Akazitoa, akaenda Osaka pamoja na mafundi wachache kuwafundisha wenye deni jinsi ya kuitengeneza penseli yake, na alipomaliza kuwafundisha akaanza upya. Safari hii hakugusa penseli. Mwaka 1925 alitengeneza redio, mwaka 1953 televisheni, na mwaka 1970 kampuni yake ilichukua rasmi jina ambalo ulimwengu unalijua: Sharp. Jina lililokuwa la penseli asiyoimiliki tena likawa juu ya televisheni na kikokotoo.

Mtu akisikia kisa hiki hukimbilia kusema Hayakawa ndiye aliyebuni penseli isiyochongwa. Si kweli, alikuja miaka 93 baada ya Hawkins na Mordan, na hata jina la penseli yake linakaribiana na la penseli ya Keeran bila mmoja kuwa mwanafunzi wa mwingine kwa ushahidi wowote. Sifa yake haihitaji kuongezewa. Penseli zake za nikeli za kabla ya tetemeko ni chache kwa sababu inayoeleweka: vifaa, kalibu na bidhaa vyote viliungua kwa siku moja.

Katika kutambua toleo adimu, hatari kubwa ya mkusanyaji ni penseli iliyounganishwa kuliko hata ile ya bandia. Bandia ni ghali kuitengeneza na penseli nyingi hazina bei ya kumfaa mghushi. Lakini kuchukua kifuniko cha hii na mwili wa ile ni kazi ya dakika moja, na mara nyingi ilifanywa zamani na mwenye penseli mwenyewe, aliyepoteza kifuniko akatafuta kingine. Kwa hiyo ukikutana na toleo ambalo hujawahi kuliona popote, kabla ya kufurahi linganisha uchakavu. Shaba njano ikianza kuchungulia kwenye kingo za mwili, na kifuniko bado kinang'aa, vitu hivyo havikukaa mfukoni pamoja. Zungusha taratibu: nyuzi za skrubu zilizozaliwa pamoja hushikana bila kusitasita. Linganisha nakshi kwenye maungio, uone kama mistari inapokezana au inakatika. Angalia rangi ya dhahabu, kwa sababu dhahabu iliyobandikwa kwenye karatasi nyembamba ya chuma na ile iliyochovywa tu hazizeeki kwa namna moja.

Penseli iliyokwama usiilazimishe. Karibu kila mara kinachozuia ni kipande cha risasi kilichovunjika ndani ya ncha, kimekaa humo miaka 80 na kushikamana na kutu ya shaba. Kulazimisha skrubu ni kuikata, na skrubu ya penseli ya mwaka 1830 haina duka. Tone la mafuta mepesi, siku kadhaa za kungoja, kisha waya mwembamba kupitia mdomo wa ncha. Kama mwili ni seluloidi, usitumie maji ya moto wala usiukaribishe moto, kwa kuwa seluloidi hujipinda na pia huwaka. Pima risasi kabla ya kuingiza nyingine. Penseli nyingi za Marekani za miaka ya Eversharp hutumia risasi ya milimita 1.18, ambayo bado inatengenezwa, na unene huo ni ushahidi pia: mwili wenye sura ya 1925 unaopokea risasi ya milimita 0.5 umebadilishwa utumbo, kwa sababu risasi nyembamba kiasi hicho zilikuja miaka ya 1960, baada ya kampuni ya Kijapani ambayo leo ni Pentel kuchanganya grafaiti na resini badala ya udongo.

Kwa penseli za Bara la Ulaya mihuri hubadilika. Fedha ya Ujerumani ina mwezi mwandamo na taji, na mara nyingi nambari 800 au 900. Kwenye vitu vidogo vya fedha vya Ufaransa kuna kichwa cha nguruwe mwitu kwa vya Paris, kaa wa baharini kwa vya mikoani. Hata penseli za wachoraji ramani za miaka ya karibuni zina historia kwenye maandishi yake: iliyoandikwa W. Germany ilitengenezwa kabla ya Oktoba 1990, nchi hizo mbili zilipoungana, na watu wa penseli za Rotring huzitenga kwa herufi hiyo moja.

Kuna kundi la majina ambayo hayakuwahi kuingia kwenye alama yoyote, wala kwenye hataza. Mjini Atlanta, kampuni ya Scripto ilitengeneza penseli za bei nafuu kwa wingi mkubwa, na kwenye mashine zake walikaa wanawake weusi, mamia kwa mamia. Mwishoni mwa Novemba 1964 wafanyakazi wapatao 700 waligoma. Kampuni ilikuwa imetoa nyongeza ya asilimia 4 kwa wenye ujuzi na asilimia 2 kwa wasio na ujuzi, na karibu weusi wote walikuwa wamewekwa kwenye kundi la pili. Kiwanda kilikuwa umbali mfupi tu kutoka nyumba alimozaliwa Martin Luther King na kutoka kanisa la Ebenezer alikokuwa akihubiri, na baadhi ya waliogoma walikuwa waumini wake. Mwezi uliofuata, Desemba, King alipokea Tuzo ya Nobel mjini Oslo, akarudi Atlanta, akaenda kusimama nao kwenye mstari mbele ya lango. Chama chake kikawaomba watu wasusie bidhaa za Scripto, na Januari 1965 mgomo ukaisha kwa mkataba.

Penseli za Scripto za miaka hiyo bado zipo tele, na kwa mizani ya minada hazina thamani. Ni za plastiki, rangi zake zimefifia, na wauzaji huzifunga kwa mafungu. Kama mtu angeniuliza aanzie wapi kukusanya bila pesa nyingi, ningemwambia anunue fungu moja la hizo, azitenge kwa maandishi ya mwilini na kwa aina ya klipu hadi azipange kwa miaka, na zile zitakazoangukia 1964 aziweke kwenye sanduku moja na penseli yenye herufi SM na GR, akiipata.